Usiipige Dakota yako duko Jumamosi, anza na fremu

Simama hapo hapo. Hiyo Jumamosi usiende. Nimesoma swali lako nikiwa kwa foleni ya benki nikashindwa kungoja nifike nyumbani, kwa hivyo naandika na simu, utanisamehe kama nimeruka herufi.

Umesema uko Nakuru, umemaliza kuunganisha Dakota ya 1/72, ile modeli ya ndege ya plastiki iliyo ndogo mara 72 kuliko ya kweli, unataka iwe ya silva kama zile za East African Airways za zamani, na jirani yako mwenye gereji amejitolea kukupigia bure na duko, ile rangi ya kupulizia gari, akiichanganya na thina ya kawaida ya hadwea. Halafu umeuliza kama ununue kompresa, stika za mkia utatoa wapi kwa sababu za kwa boksi ni za jeshi la Marekani, na kama uzibe ile mistari ya paneli iliyochongwa kwa mwili wa ndege kabla ya rangi. Hayo yatangoja siku nyingine. Kwanza hiyo duko.

Hiyo thina itakula ndege yako. Sisemi rangi itatoka vibaya, rangi mbaya unaosha unarudia. Nasema plastiki yenyewe itayeyuka na hakuna kurudi, na najua kwa sababu yangu iliyeyuka nikiiangalia, nimesimama mita moja kutoka kwa aliyeshika bunduki ya kupulizia.

Ilikuwa 2014. Babu yangu mzaa mama alikulia Kisumu, na alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati ndege za maji za Imperial Airways zilikuwa zinatua ziwani zikitoka Southampton kwenda Durban, hiyo ni 1937. Zilikuwa za Short, aina ya Empire, injini nne, silva tupu. Mzee alikuwa anatusimulia vile ilikuwa inashuka, tumbo linagusa maji, povu linaruka huku na huku, watoto wote wanakimbia ufuoni wakipiga kelele, na hiyo hadithi alikuwa anaisema vilevile kila Krismasi bila kubadilisha hata neno. Nikaamua nimjengee moja. Empire yenyewe sikuipata ya kuunganisha, nikachukua Sunderland ya 1/72, ambayo ni ya kiwanda kile kile cha Short na iliruka mara ya kwanza mwaka huo huo wa 1937, ni kama dada yake aliyeandikwa jeshi. Wajuaji wanajua pua si moja na ile ya vita ina bunduki, sawa, lakini macho ya mzee yangeona ndege yake.

Iliniuma Sh6,500, na binamu yangu akaibeba kutoka London katikati ya nguo zake. Ikishaunganishwa mabawa yanafika karibu sentimita 48 kutoka ncha hadi ncha, meza ya sebuleni haikutosha, ikabidi nihamie kwa kitanda cha chumba cha wageni na kipande cha plaiwudi juu yake. Miezi saba ya jioni. Kitu kilichonichosha zaidi ni ule mshono wa juu ya mgongo, pale nusu mbili za mwili zinakutana, nilipiga puti, nikapiga msasa wa maji namba 400, halafu 600, halafu 1000, puti tena, msasa tena, wiki mbili nzima, hadi nikaweza kupitisha ukucha kutoka puani hadi mkiani nikiwa nimefumba macho na nisihisi kitu. Huo mshono ndio nilikuwa najivunia kuliko ndege yote.

Sasa rangi. Nilitaka silva ing'ae, na kila mtu anajua silva ya gari inang'aa kuliko silva zote, si ndiyo? Nikaenda kwa fundi mmoja wa rangi huko jua kali, mtu ana mikono safi kweli, gari ikitoka kwake huwezi jua iligongwa. Akaishika ndege, akaigongagonga na kidole, akaniambia, "Omera, hii ni plastiki kama bampa, na bampa nimepaka hadi nimesahau hesabu. Niletee Jumamosi."

Nikajiambia hapana, wacha niulize wenye hobi. Nilikuwa kwa grupu moja ya WhatsApp ya watu wa modeli na kulikuwa na mmoja hapo alikuwa anajibu kila swali kama hakimu, sauti nzito, hakuna "labda" wala "nadhani". Nikamuuliza wazi kabisa, duko na thina ya hadwea juu ya hii plastiki, inakubali? Akajibu neno moja, "Freshi", na kidole gumba juu. Akaongeza ati amepaka hivyo miaka mingi.

Huyo ndiye sijamsamehe hadi leo. Fundi simlaumu sana, alisema kile anajua kuhusu bampa na kwa bampa alikuwa sahihi, nitaeleza kwa nini. Lakini huyu wa grupu, baada ya maafa nikamtumia picha akakaa siku nne akaniuliza, "Kwani ilikuwa ya plastiki?" Kumbe maisha yake yote anapaka vigari vya chuma vya kununua vikiwa tayari, anavibadilisha rangi. Chuma! Hajawahi kupuliza duko juu ya modeli ya plastiki hata siku moja, na aliona picha yangu, na neno plastiki nililiandika mwenyewe kwa swali. Mtu kama hujui nyamaza, si lazima kila swali lipite kwako, kuna mtu upande huu ameshika kazi ya miezi saba mkononi akingoja neno lako.

Hiyo Jumamosi yenyewe ndio nataka uisome pole pole. Raundi ya kwanza fundi alipuliza kwa mbali, vumbi tu la rangi, na ilikuwa nzuri hadi nikatoa simu nikapiga picha. Ilikauka kwa dakika chache, silva laini, kila ribiti unaiona. Hii raundi ya kwanza ndiyo inadanganya watu wote, na ndio maana utakuta mtu anakuapia kwamba alijaribu na ikakubali. Ikiwa nyembamba hivyo thina inapaa hewani kabla haijaingia kwa plastiki. Raundi ya pili fundi akaja karibu, akaweka ile ya maji maji ya kuleta mng'ao, vile anafanya kwa mlango wa gari. Nikaona inameremeta kama kioo. Hesabu dakika kumi. Mng'ao ukaanza kukunjamana kama ngozi ya maziwa ukiyaacha yapoe. Mistari ya paneli ikajaa. Ribiti zikazama moja moja. Madirisha ya rubani, ambayo nilikuwa nimeyafunika na tepu vizuri, mvuke uliingia kwa kingo yakageuka maziwa. Na ule mshono wangu wa mgongoni, puti ikabonyea ndani na mshono ukarudi, mrefu, wazi, kutoka puani hadi mkiani.

Hapo nikafanya kosa juu ya kosa. Fundi alinipa kitambaa chenye thina nipanguse haraka kabla haijakauka, mimi nikapangusa. Plastiki ilikuwa imekuwa kama ubani wa kutafuna. Alama ya kidole gumba changu iliingia ubavuni, pale chini ya bawa, na iko pale hadi leo, unaweza kuhesabu mistari ya ngozi. Nikaiacha, nikaibeba nyumbani kwa boksi, nikaiweka juu ya kabati. Asubuhi bawa la kushoto lilikuwa limelegea limeshuka, boya lake la kuelea majini limelala juu ya mbao.

Sasa sababu, maana hakuna aliyenieleza mapema na ningeelewa singeenda. Plastiki si kitu kimoja. Bampa nyingi za gari ni polipropilini, hiyo thina haiiwezi, na mlango wa gari ni chuma, hiyo ndiyo kabisa. Modeli yako ni polistirini. Unajua lile povu jeupe linalokuja kwa boksi la TV? Hiyo ni polistirini imejazwa hewa. Chukua kipande leo, tonea thina ya duko juu yake, uone kinavyotoweka kama sukari kwa chai. Ama kama una kikombe cha yogati angalia chini, ukipata pembetatu yenye namba 6 hiyo ni polistirini, namba 5 ni polipropilini, tonea thina kwa zote mbili uzilaze uone. Ile thina ina vitu kama toluini na asetoni, na sasa angalia gundi yako ya modeli: Tamiya Extra Thin ina asetoni ndani, na inashika kwa sababu inayeyusha plastiki pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja. Kwa hivyo jirani yako akipiga raundi ya maji maji, anapaka Dakota yako binamu wa gundi kutoka pua hadi mkia.

Na kabla mtu hajakuja kuniambia ati mikebe ya kupulizia ya Tamiya, ile ya TS, pia ni laka, yaani rangi ya thina kali kama duko, ndiyo, najua. Imetengenezwa kwa ajili ya hii plastiki, na hata hiyo ukiimwaga nzito kwa karibu unaweza kuumia. Duko ya gereji haikutengenezwa ikifikiria Dakota ya mtu.

Hii ndiyo kanuni yangu na siivunji hata nikiwa na haraka ya kufa mtu: fremu kwanza. Ile fremu ya plastiki ambayo vipande vilikuwa vimeshikana nayo ni plastiki ile ile ya ndege, na wengi wanaitupa siku ya kwanza. Usitupe. Kama umetupa rudi kwa taka uitafute, sitanii. Kata kipande chenye ule upande bapa, mara nyingi kuna kibati chenye jina ama namba ya sehemu, hicho ndicho kizuri kwa sababu yale maandishi yaliyoinuka yatakuonyesha kama kitu kimeyeyuka. Kipige msasa, pake puti kidogo upande mmoja, kisha pulizia rangi ile ile, thina ile ile, mkono ule ule, na raundi zote utakazopiga kwa ndege, si moja. Ile ya mwisho ipige nzito makusudi. Laza usiku kucha. Asubuhi kishike kwa upande kwenye mwanga wa dirisha usome yale maandishi, halafu kwaruza na ukucha. Kama maandishi yamelainika, ama ukucha unaingia, ama puti imebonyea, hiyo rangi usiiguse tena.

Na unafanya hivyo kwa kila kitu kipya. Mkebe mpya wa rangi ile ile, fremu. Thina umeongeza kutoka duka lingine, fremu, maana thina ya kupimiwa kwa chupa ya soda hujui leo wamechanganya nini. Hata ukisikia kutoka kwangu, fremu. Mimi sasa natumia rangi za akriliki za Tamiya, kwa silva napenda X-11 juu ya nyeusi ya kung'aa X-1, nachanganya na thina yao wenyewe, X-20A, na miaka yote hii bado nakata kipande. Huku Kisumu napiga asubuhi kabla mawingu ya ziwa hayajapanda, na barakoa ya kuzuia mvuke, dirisha wazi, mbali na jiko la gesi.

Ya pili ilinichukua hadi 2016. Boksi lingine, binamu yule yule, mshono ule ule wiki mbili tena. Wakati huo macho ya mzee yalikuwa yameenda kabisa. Nilimwekea mapajani akaipapasa pole pole, akapitisha vidole juu ya mgongo kutoka mbele hadi nyuma na sikuona kidole kikikwama mahali, akazunguka injini akihesabu, moja, mbili, tatu, nne, akafika kwa yale maboya chini ya mabawa akacheka peke yake. Akasema, "Hivi hasa." Ile ya kwanza ingekuwa imemfikia akiona.

Kwa hivyo mpigie jirani simu leo, umwambie asante sana lakini Jumamosi huendi na Dakota. Kama ni lazima uende kwa sababu mmeahidiana, nenda, kunyweni chai, na ubebe kipande cha fremu mfukoni akipulize hicho. Halafu Jumapili asubuhi ukiweke dirishani ukipige picha kwa karibu uweke hapa, niyasome hayo maandishi na macho yangu kabla hujagusa ndege.