Guga hakuwa Keya: koti lake lilivyoniumbua

Wiki jana dada mmoja wa Kayole alinitumia picha kwa WhatsApp. Mwanamume amesimama wima, koti limefungwa vifungo mpaka kooni, kofia ameibana kwapani. "Dada, nasikia wewe hufuatilia mambo ya ukoo. Huyu ni babu yetu, alikuwa Keya, alipigana Burma. Nisaidie kujua mwaka tu." Mwaka tu! (Keya ndiye askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni.) Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu miaka mitatu iliyopita ningeweza kuandika maneno hayo hayo mimi mwenyewe.

Kwetu Vihiga, guga, yaani babu, alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Hilo halikuwa na mjadala. Picha yake ilitundikwa sebuleni kwa baba mkubwa, Kawangware, juu ya televisheni, na mgeni hakupewa chai kabla ya kuonyeshwa. Guku, yaani bibi, kila alipoulizwa mumewe alifanya kazi gani, alijibu neno moja: "Jeshi." Sisi tukajaza yaliyobaki. Kwenye kola ya lile koti palikuwa na alama kama tarakimu 2, na baba mkubwa alitueleza kwamba hiyo ni batalioni ya pili ya King's African Rifles. Nami nikaandika humu humu kwamba guga alikuwa bonde la Kabaw mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mkanipongeza sana. Yale maoni yenu bado ninayo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta wa kuniunga mkono. Nilikwenda hadi Kenyatta Avenue, kwenye ile sanamu ya askari watatu, nikasimama pale na simu nikilinganisha nguo huku kanjo, wale askari wa jiji, wakinikodolea macho. Sanamu ile ilizinduliwa 1928, ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ingenisaidia nini kuhusu sare ya 1944? Nilirudi nyumbani na picha arobaini za shaba.

Kilichoniamsha ni vifungo. Nilikuwa nimeiomba ile picha nikaipige upya karibu na dirisha, mchana, bila flashi, na nilipoikuza nikaona koti limefungwa kike. Koti la mwanamume, upande wa kushoto wa mvaaji hulalia ule wa kulia. La guga lilikuwa kinyume. Nikadhani aliazima kwa mwanamke, jambo ambalo lingekuwa kisa kingine kabisa. Kumbe nakala ile ilichapishwa upya na mtu aliyegeuza filamu. Nikaigeuza kwenye simu. Vifungo vikakaa sawa, na ile 2 ikawa S.

S mbili, moja kila upande wa kola, ile ya kushoto imeshonwa ikainama kidogo kama iliyoshonwa usiku. Nikajiambia ni S ya sajini. (Mtu akitaka kudanganyika hakosi herufi.) Lakini sajini cheo chake hukaa mkononi, zile mistari tatu za V, na mikono ya guga ilikuwa mitupu.

Jibu lilinipitia mlangoni Jumapili asubuhi. Mama jirani yetu alikuwa anatoka kwenda ibada, sare imepigwa pasi mpaka inang'aa, na kwenye kola: S na S. Jeshi la Wokovu! Wapo Kenya tangu 1921, na hizo S maana yake ni kuokolewa ili kutumika. Guku hakuwahi kudanganya hata siku moja. Alisema "jeshi", sisi ndio tuliompa guga bunduki.

Halafu nikamtazama yule mtoto. Kwenye picha guku amempakata shangazi yangu, ana kama miaka mitatu, na shangazi alizaliwa 1951. Picha basi ni ya kama 1954, miaka kumi baada ya ile Burma yetu. Hesabu hiyo ilikuwa pale sebuleni miaka yote, juu ya televisheni. Nilikuwa nimepoteza wiki nzima kwenye leso ya guku badala yake, kwa sababu pembeni yake husomeka "Mali ya Abdulla". Duka hilo la Mombasa lilianza 1887 na leso zake zinauzwa hata leo, kwa hiyo alama hiyo haikuniambia mwaka wowote.

Sasa niseme la moyoni. Nilipowaeleza watu wa nyumbani, baba mkubwa alisimama. "Unamvua baba yangu gwanda mbele ya wajukuu zake?" Niliondolewa kwenye kundi la WhatsApp la familia kwa miezi minne. Binamu fulani hadi leo huniita "Wokovu". Na nilikuwa sahihi! Hakuna aliyesema pole.

Wapendwa, acheni kupandisha wazee vyeo. Mnataka kila babu awe shujaa wa vita, kana kwamba mtu aliyeamka alfajiri kupiga ngoma ya ibada hakufanya kitu. Anzeni na nguo, hadithi ije baadaye. Mtazameni kijana kuliko mzee, kwa sababu mzee huvaa koti lile lile la Jumapili miaka ishirini. Nguo hukuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya lini, lakini ya mwisho lini, hapana. Kama mikono ya koti inaishia karibu na viwiko, huenda ni la studio. Wapiga picha wengi walikuwa na koti na tai za kuazima wateja. Na kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni msikiite hirizi, kama alivyofanya mwenzangu mmoja kazini. Hicho ni cha kipande, kitambulisho alichovalishwa mwanamume Mwafrika kwa sheria ya mkoloni baada ya Vita vya Kwanza. Nimerudia kuhusu nguo? Nitarudia tena. Nguo kwanza.

Nirudi kwa dada wa Kayole. Koti la babu yako limefungwa mpaka kooni, na koti la namna hiyo lilivaliwa na wengi, hata watu wa reli. Kifungo cha pili kutoka juu naona kina herufi, lakini mwanga wa taa umekifuta. Zikiwa ni EAR, yaani East African Railways, babu alikuwa wa reli, na picha ni ya 1948 au baadaye, kwa kuwa ndipo reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Itoe kwenye fremu polepole, ikiwa imegandia kioo iache hapo hapo. Ipige kesho mchana, karibu na dirisha, kifungo hicho peke yake. Na kabla hujanitumia, angalia koti limefungwa upande gani.