Ekseli nzima au kila gurudumu na lake?

Ndugu, umeuliza ununue ATV (pikipiki ya magurudumu manne) yenye ekseli nzima nyuma, yaani mhimili mmoja unaobeba magurudumu yote mawili, au yenye kila gurudumu la nyuma likicheza peke yake. Kwa kuwa umesema itavuta tela la kuni na maji, mimi ningechukua yenye ekseli nzima. Honda Rancher 420 imetengenezwa kwa aina zote mbili, kwa hiyo ukitaka kulinganisha, anza nayo.

Ekseli nzima haina mambo mengi: ukipakia mzigo, nyuma inadidimia kidogo lakini difu (boksi la gia kwenye ekseli) inabaki umbali uleule kutoka ardhini, na kwenye mteremko wa ubavuni chombo hakilali sana. Ubaya wake ni mawe. Tairi moja likipanda jiwe, nyuma yote inapinda nalo, na mgongo wako utajua.

Ya kila gurudumu peke yake (Polaris Sportsman 500 ilikuwa nayo tangu 1996) inapita makorongo kwa ulaini, na tumbo liko juu. Ila mzigo ukizidi inakaa chini, na ina jointi na bushi (vipande vidogo vya kuzuia msuguano kwenye maungio) nyingi za kuhudumia.

Ukinunua iliyotumika ya aina hii, minya kwa vidole ile mipira inayofunika jointi na kushika grisi ndani. Ukikuta ufa au grisi imerukia rimu, omba bei ishuke: matope yameshaingia.