Jaribio lisingoje dakika tano

SWALI: Mfumo wetu wa Python hutuma namba ya siri ya mara moja, inayokufa baada ya dakika 5. Jaribio langu huitengeneza, huhakikisha imekubaliwa, hulala kwa time.sleep(301), kisha huhakikisha imekataliwa. Nimefupisha muda uwe sekunde 1. Kwenye kompyuta yangu linapita, kwenye seva linapita leo linagoma kesho. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hata ukifupisha muda, bado unategemea saa ya kweli. Seva ikielemewa, sekunde 1 inaisha kabla jaribio halijafika mstari wa pili, na namba iliyotakiwa kuwa hai inakutwa imeshakufa. Itoe saa ndani ya funksheni, uipitishe kama parameta:

def ni_hai(mwisho, saa=time.time):
    return saa() < mwisho

Hapo time.time haina mabano, na ni makusudi. Wengi huandika sasa=time.time(), na Python huikokotoa thamani hiyo mara moja tu, funksheni inapoundwa. Programu itabaki na wakati uleule hadi izimwe, na namba mpya hazitakufa kamwe. Jaribio halitaliona kosa hilo, maana lenyewe hupitisha wakati wake.

Kwenye jaribio, saa ni yako, isogeze utakavyo:

sasa = [1000]
saa = lambda: sasa[0]
mwisho = 1000 + 300
sasa[0] = 1299
assert ni_hai(mwisho, saa)
sasa[0] = 1300
assert not ni_hai(mwisho, saa)

Hiyo 1300, sekunde yenyewe ya kufa, ndiyo yenye thamani. Mtu akiandika <= badala ya <, jaribio lako la kulala sekunde 301 lingepita bila kustuka.

Kama kuna sehemu inayojaribu tena kutuma ujumbe baada ya kusubiri, pitisha pia lala=time.sleep. Kwenye jaribio, lala ya bandia isilale. Iongeze tu sekunde kwenye sasa[0], saa na usingizi viende pamoja.

Kinachobaki ni hifadhidata. Swali la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, likitumia NOW(), linasoma saa ya hifadhidata yenyewe, na saa yako ya bandia haiifikii. Utasogeza mbele mwaka mzima na namba itabaki hai. Pata wakati kwa saa() ndani ya programu, kisha uutume kwenye swali kama parameta.