Mkuu, weka hiyo chupa ya plastiki chini

Eti kesho unateka maji ya kisima kilicho jirani na karakana yako ya rangi hapo Pongwe, unajaza kwenye chupa za maji ya dukani, unapakia basi la Dar yakapimwe thina? Ndivyo nilivyofanya mimi. Kaniulize faida.

Tulikuwa na karakana ya samani Tanga mjini, vanishi inapulizwa kutwa. Majirani wakaanza kusema kisima kinanuka. Bosi akaleta mshauri, tai shingoni, muhuri mkubwa kama sahani, nikamuuliza habari ya chupa. Akanijibu, "Chupa ni chupa, bora iwe safi." Chupa ni chupa! Na pesa aliipokea kwa mikono miwili.

Nikajaza chupa nne, nusunusu ili zisimwagike njiani (nikajiona na akili), zikashinda juani, usiku zikapanda basi. Majibu yakaja: toluini, ile kemikali iliyomo kwenye thina, haikuonekana. Bosi akanunua soda kreti zima. Mimi mwenyewe nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wanywe tu. Mama mmoja akaniangalia akasema, "Mwanangu, pua yangu haijazeeka."

Na kweli haikuzeeka. Pua huikamata toluini ndani ya maji kabla haijafika kikomo cha WHO, miligramu 0.7 kwa lita. Tulipopima upya kwa njia sahihi, ilikuwa imevuka kikomo hicho. Kuchimba kisima kingine, kununulia watu maji, kuomba radhi, vyote vikatoka mfukoni mwetu. Mshauri simu haipatikani.

Thina huruka, mkuu. Ukiacha hewa ndani ya chupa, inahamia kwenye hewa. Plastiki nayo inainyonya. Siku ya kufunguliwa kifuniko, iliyobaki inaaga. Yaliyofika Dar yalikuwa maji tu, ushahidi wangu ulishukia Segera.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine: CHUPA YA KIOO, IJAE POMONI, ISIBAKI HEWA. Waombe maabara wakupe zile ndogo za mililita 40 zenye utando wa tefloni kwenye kifuniko, tindikali wameshatia, kwa hiyo usizisuuze. Jaza polepole maji yavimbe mdomoni, funga, pindua, gonga. Ukiona kiputo, chukua chupa nyingine uteke upya. Zote ndani ya deli la barafu, zipimwe kabla ya siku 14. Beba na moja ya maji safi kutoka maabara isafiri nazo bila kufunguliwa. Ikikutwa na toluini, jua mmechafua njiani. Na usijaze mafuta pikipiki halafu ukashike chupa, petroli nayo ina toluini.

Ah, na kama mnaoshea vyuma kwa trikloroethilini, ile dawa ya kutolea grisi, hiyo ni nzito kuliko maji, inazama. Usiteke juujuu ukashangilia.

Uliuliza na habari ya hewa ya ndani, na vibali sijui. Nitarudi jioni. Kwanza nijibu: maabara umeshawapigia wakupe chupa?