Maana ya Kanga Iko kwa Nani? Falsafa ya Sanaa Barazani

Watu wengi wakisikia falsafa ya sanaa hudhani ni mazungumzo ya maprofesa kuhusu picha zilizotundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kwa upande wangu, niliyefundisha fasihi kwa muda mrefu na ambaye huitwa mara kwa mara kusuluhisha ndugu na majirani, sijaona elimu iliyonifaa zaidi barazani kuliko swali moja ambalo wanafalsafa hao wamelibishania sana: maana ya kazi ya sanaa iko wapi? Je, iko moyoni mwa aliyeitunga, katika kazi yenyewe, au kwa anayeipokea?

Mwaka 1946 Wamarekani wawili, William Wimsatt na Monroe Beardsley, walidai kwamba nia ya mtunzi haifai kuwa kipimo cha kuihukumu kazi yake, kwa kuwa shairi likishatoka huwa limo katika lugha, na lugha ni mali ya wote. Mwaka 1967 Mfaransa Roland Barthes akaenda mbali zaidi, akatangaza kifo cha mtunzi na kumkabidhi msomaji maana yote. Wapo waliowapinga, wakashikilia kwamba maneno yasiyo na nia ya mtu nyuma yake ni kelele tu.

Wanawake wa Pwani wameyaishi mabishano haya siku nyingi bila kuyaandikia makala. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Jina hilo limetungwa na mtu asiyemjua mvaaji, likachapwa kiwandani kwa wingi, likapangwa dukani pamoja na majina mengine, hadi mnunuzi mmoja alipolichagua. Akiifunga kiunoni, maandishi hukaa nyuma, kwa hiyo anayesomwa ni yule anayekupa mgongo. Sasa mwenye maneno ni nani hapo? Ukimuuliza, atakujibu kwa utulivu kabisa kwamba yeye amependa rangi. Katika taarab mambo huwa wazi zaidi: mwimbaji huenda alitunga ubeti wake kwa ajili ya mapenzi yaliyokwisha zamani, lakini mtu akiinuka kwenda kutunza ubeti huohuo unapoimbwa, huku akimtupia jicho mwenzake aliyeketi safu ya mbele, ukumbi mzima hujua kwamba ubeti umepata mwenyewe mpya.

Niliwahi kuitwa katika ugomvi wa mawifi wawili. Siku ya upishi wa arusi, mmoja alikuja nyumbani kwa kaka yake amejifunga kanga iliyoandikwa «Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu», na mke wa kaka akaacha sufuria jikoni, akaingia chumbani, akajifungia. Wazee walikuwa wamekwisha kupoteza saa nyingi wakimhoji mvaaji kama alikusudia au hakukusudia, na yeye alikuwa ameapa kwamba hata jina hakulisoma. Niliomba tuliache swali la nia, kwa sababu halikuwa na shahidi isipokuwa yeye mwenyewe, tukatazama mambo yanayoonekana. Maneno hayo humwambia nini mtu yeyote anayejua Kiswahili? Yamevaliwa wapi, mbele ya nani, na baada ya maneno gani? Doti ilikuwa mpya, nyumba ilikuwa ya wifi yake, na wiki iliyotangulia walikuwa wamegombania michango ya arusi. Kwa hali hiyo kanga ilikuwa imesema, hata kama mvaaji alinyamaza. Jambo hilo lilipowekwa hivyo, hakuhitaji kukiri uovu wowote. Alisema tu, «Wifi, kama imekufika vibaya, niwie radhi,» na mwenzake akaipokea kauli hiyo, ingawa (nisiwapambie) hawakuwa marafiki tangu siku hiyo wala kabla yake.

Ushauri wangu kwa anayeona amerushiwa fumbo ni kwamba ayatenganishe maswali hayo kabla ya kupandisha hasira. Maneno yenyewe yanasema nini ni swali moja; mwenye kuyatumia alitaka nini ni lingine; mahali na wakati vimeyafanya yaseme nini ni la tatu, na hili la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Kanga iliyochakaa, inayovaliwa kila siku uani, si sawa na ileile ikiwa mpya siku ya hafla. Vivyo hivyo msemo uliowekwa kwenye status ya WhatsApp saa moja baada ya kutofautiana hauwezi kupimwa kama msemo uleule uliowekwa siku tulivu. Anayeuweka naye asijifiche nyuma ya «sikumaanisha wewe». Amechagua maneno, amechagua saa, na anawajua wanaomsoma.

Hata hivyo sikubaliani na Barthes moja kwa moja, kwani akiachiwa msomaji peke yake, kila mwenye dhana mbaya atapata ushahidi popote. Hadhira nayo si moja. Katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyefungwa gerezani alimtumia mama yake ujumbe kwa wimbo, kupitia kijakazi Saada, ili atengeneze mkate wa wishwa na kuficha ndani yake tupa ya kukatia minyororo. Walinzi walisikia wimbo uleule aliousikia Saada, lakini hawakusikia alichosikia yeye. Kwa hiyo mtu akija kwako akidai kwamba «kila mtu ameelewa» fulani amemsema, muulize ni kila mtu yupi, na wamejuana vipi na msemaji.

Swali la nia mimi hulirudisha penye mapenzi na kuaminiana, kati ya mume na mke au mzazi na mwana, kwa sababu hapo maelezo ya mtu kuhusu moyo wake yana dhamana ya miaka ya kuishi pamoja. Kwa kiongozi aliyetoa kauli jukwaani, kisha akalalamika kwamba amenukuliwa vibaya, huanza na maneno yenyewe, kisha waliokuwa wakimsikiliza. Nia yake huifikia mwisho, kama muda upo.