Upepo wa tezi (unaosukuma chombo kwa nyuma): ninavyowafundisha wanaoanza hapa Entebbe

Ndugu yetu wa Jinja ameuliza kama awaanzishe wanafunzi wake wa mashua za tanga na upepo wa nyuma, kwa kuwa husemwa ndio rahisi. Ila anasema wakibisha, yaani wakipanda dhidi ya upepo, wako sawa, lakini wakiupa upepo mgongo wanapinduka. Mimi ni mtu wa Pemba, nimekulia kwenye ngalawa, na sasa ni mwaka wa 9 nafundisha vijana hapa Entebbe kwa mashua ndogo ya watu wawili. Ndugu yangu, usiwaanzishe nao.

Upepo wa tezi unadanganya. Chombo kikienda noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) na upepo ukivuma noti 12, mwilini unausikia wa 7 tu. Mwanafunzi anaona ziwa limetulia, analegea. Akigeuka kurudi ndipo zile 12 zinamkuta zote, na tanga bado limefunguliwa. Huku kwetu ni tabu zaidi, maana alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Unatoka gatini ukibisha, na kurudi ndiko kwenye upepo wa nyuma, wakati mikono imeshachoka.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia binti mmoja aelekeze omo, pua ya chombo, gatini, upepo utatusukuma. Akapitiliza kidogo. Nililiona tanga dogo la mbele likinywea, kisha likahamia upande wa pili, nami nikanyamaza. Mara bumu, ule mti wa chini ya tanga kubwa, ukavuka kwa kishindo ukampiga juu ya sikio. Alishonwa nyuzi 4. Kosa lilikuwa langu: ile ya tanga dogo kuhama ndiyo dalili ya kwanza, na sikuwa nimemfundisha kuisoma. Siku hizi mwanafunzi wangu akiiona anapiga kelele "tanga!" na wote wanainama kabla ya kuuliza.

Kabla ya maji tunakaa saa nzima kwenye nyasi. Nawaambia waupe upepo mgongo, wafumbe macho, wageuze kichwa polepole mpaka masikio yote mawili yasikie upepo sawasawa. Hapo upepo uko kisogoni kabisa, na wiki ya kwanza huko hatuendi. Nataka sikio moja lisikie zaidi, upepo upite juu ya bega. Chombo kinakwenda kasi zaidi hivyo, hakiyumbi sana, na bumu halivuki lenyewe.

Akitaka kubadili upande, mwanzoni simruhusu kuvusha tanga kwa tezi, yaani kugeuka huku nyuma ya chombo ikiupitia upepo. Anavuta demani, kamba ya kuvutia tanga kubwa, anapandisha omo kwenye upepo, anazunguka kwa mbele, kisha anashuka tena. Ni mzunguko mrefu, na mabaharia wa pwani watamcheka. Waache wacheke.

Kuvusha kwa tezi namfundisha wiki ya pili, upepo ukiwa mwepesi. Avute demani mpaka bumu liwe karibu na katikati, ainame, apeleke kana, mkono wa usukani, taratibu upande unakotoka upepo. Tanga likishavuka, hapohapo anyooshe kana na kuachia demani. Wengi wanasahau kunyoosha: chombo kinaendelea kuzunguka, kinalala ubavu. Ubao wa katikati uwe nusu. Ukiushusha wote chombo kinajikwaa juu yake, ukiupandisha wote kinayumba kama pipa, na kwenye vyombo vingine bumu linaugonga likipita.

Chombo kikianza kulala upande wa upepo, wasiachie demani. Mkono wa anayeogopa unataka kuachia, na tanga likifunguka kupita kiasi ndilo linalowavuta wapinduke. Wavute kidogo, wakae chini katikati.

Mimi natia madumu mawili ya njano majini, kila moja limefungwa jiwe, mbali na matete kwa sababu ya kichocho. Wanazunguka hayo tu, na jaketi za kujiokolea hazivuliwi hata kama ziwa ni kioo. Kijana akizunguka mara 10 bila tanga dogo kumshtukiza, ndipo nampa kana aturudishe gatini.