Picha ya dansi huanzia sikioni

Arusi ya kwanza niliyolipwa kupiga picha ilikuwa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Nilirudi nyumbani alfajiri na picha 1,400 kwenye kadi. Za kanisani zilikuwa nzuri. Za dansi, nilipozifungua kwenye kompyuta, karibu zote zilinihuzunisha: magoti yamekunjwa, visigino vimekanyaga chini kama vya mtu anayesubiri basi, bibi arusi amefumba macho katikati ya mzunguko. Nilikuwa nimebonyeza mfululizo nikitumaini wingi utaniokoa.

Wiki hiyo nilimpelekea mjomba wangu zile picha. Ni mzee aliyecheza rumba tangu ujana wake. Akazitazama zote bila haraka, akaweka muziki, akacheza peke yake sebuleni. "Mwipwa wangu," akaniambia, "wewe unakimbiza miguu. Sikiliza besi kwanza, miguu itakuja yenyewe."

Ndiyo ushauri wangu mkubwa kwa yeyote anayeanza kazi hii. Jifunze kuhesabu muziki kabla ya kununua lenzi mpya.

Tuanze na valsi, maana maarusi wengi bado wanapenda kufungua dansi nayo. Inahesabiwa 1, 2, 3. Kwenye 1 mchezaji yuko chini, anapiga hatua ndefu, goti limelegea. Kwenye 2 na 3 anapanda juu ya vidole, shingo inarefuka, gauni linafunguka. Basi hesabu kimyakimya moyoni, na ubonyeze kwenye 2 au mwanzoni mwa 3. Nilipokwenda kupiga picha jioni moja ya wanaojifunza dansi za ukumbini, valsi, tango na foksitroti, niligundua jambo jingine: wachezaji huzunguka sakafu kinyume cha mwendo wa saa. Nilikuwa nikiwakimbilia huku na huku nikitokwa jasho, hadi mwalimu wao akanishika bega: "Mama, simama kwenye kona, watakuja." Na kweli walikuja, jozi kwa jozi, sura zikigeukia kwangu kila walipopinda.

Yeye ndiye aliyenionya pia kuhusu miguu. Anayecheza dansi, ukimpa picha yake, hatazami uso wake kwanza. Anatazama vidole vya miguu vimenyooka au la. Ukikata picha kwenye vifundo, umemnyima kile alichokifanyia mazoezi miezi mingi. Acha nafasi chini ya viatu, hata kama sakafu si safi.

Rumba ni mbili, usizichanganye. Ile ya mashindano, yenye mizizi Kuba, hatua zake hupigwa kwenye 2, 3 na 4, na ile 1 wanaiachia nyonga itulie; hapo kwenye 1 ndipo mwili unapokaa vizuri. Rumba yetu, ile UNESCO iliyoiandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021 kwa jina la Kongo zote mbili, haina kilele kama cha valsi. Watu wanakaribiana, hatua ni ndogo, wanaongea kwa viganja. Mimi hurudi nyuma na lenzi ya milimita 85, inayovuta watu karibu, niwaache peke yao, nikitafuta mkono wa bwana arusi mgongoni na namna vidole vinavyokaza kidogo muziki ukibadilika. Dakika nzima inaweza kupita sijabonyeza.

Kisha gita linawaka, sebene imeingia, ile sehemu ya wimbo yenye kasi. Hapo badilisha lenzi kabla, siyo baadaye! Chukua ya milimita 35, inayoona eneo pana, kwa sababu shangazi na wajomba watainuka wote kuja kumtunza bibi arusi. Picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga Katuba ni ya wakati huo: noti ya falanga 500 imenata kwa jasho kwenye paji la uso wa bibi arusi, ncha yake imepinda juu ya nyusi, naye anacheka akijaribu kutotikisa kichwa ili isidondoke.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Bila flashi, kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde inatosha valsi, na sebene inataka 1/500. Chembechembe zinazoletwa na ISO 3200, yaani kamera ikiongezewa wepesi wa kuhisi mwanga, wateja hawazioni, mtikisiko wanauona. Ukumbi ukiwa na dari nyeupe, elekeza flashi juu, usiwapige wachezaji machoni wakiwa wanazunguka. Taa nyingi za LED hupepesa kwa kufuata umeme wetu wa hezi 50. Ukiona mistari ya giza kwenye picha, shuka hadi 1/100. Leza za DJ ziepuke kabisa, mwale ukiingia moja kwa moja unaweza kuua sensa, kile kipande cha kamera kinachonasa picha. Halafu lile gauni jeupe: likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inatia giza, na uso mweusi wa mwenye gauni unapotea. Pima mwanga kwenye uso, ndipo uhakikishe mikunjo ya gauni haijaungua.

Sasa mtandaoni. Hapa niliumiza mtu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ilikuwa Septemba, jakaranda zimeanza kuchanua, arusi nzuri sana. Usiku, katikati ya rumba ya polepole, mama mmoja aliyevaa kitambaa cheusi kichwani aliinuliwa na kaka yake. Alikataa mara mbili, kisha akakubali. Walicheza wimbo mmoja tu. Niliwapiga picha mama yule ameegemeza shavu begani kwa kaka yake, machozi yanashuka lakini mdomo umetulia. Usiku uleule, kabla ya kulala, nikaiweka Facebook, ya kwanza kabisa kwenye albamu.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa shemeji yake. "Mama, dada yetu ni mjane, hajatoka kilioni. Kwa nini unamwonyesha kwa watu wote akicheza?" Sikubishana. Niliifuta papo hapo, lakini ukoo wa marehemu ulikuwa umeshaiona hata walioko Kolwezi, na aliyeulizwa maswali siku zile alikuwa yeye, siyo mimi. Nilikwenda kwake kuomba radhi nikiwa na picha ile imechapishwa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya Biblia yake. Mtandaoni haikurudi tena.

Tangu hapo siweki picha yoyote kabla ya kukaa na familia. Siku ya kupokea malipo ya kwanza nauliza: nani yuko kwenye kilio? Ni watoto wa nani wasionekane? Nani asiyetaka sura yake itoke? Picha za mahari siziweki kamwe, pesa iliyohesabiwa mezani na orodha ya vitu ni siri ya koo mbili. Baada ya arusi nachagua kama 60, napita nazo kwa maarusi na mama zao, wanaondoa wanazotaka, nami siulizi sababu. Hizo 60 nazipanga kama siku ilivyokwenda, kuanzia ndoa ya serikali kwenye komini hadi sebene, na chini ya picha naandika maneno machache, bila majina ya wageni.

Ukubwa wa faili usiudharau. Picha 60 za megabaiti 8 ni megabaiti 480; nani atamaliza mega zake zote kutazama arusi ya jirani? Nazipunguza upande mrefu hadi pikseli 2048, zinakuwa karibu nusu megabaiti kila moja, albamu nzima ni 30. Hakikisha zimehifadhiwa kwa rangi za sRGB, la sivyo ngozi itaonekana imechujuka kwenye simu. Na kwa WhatsApp usizitume kama picha, zitabanwa. Zitume kama dokumenti.

Wazazi wengi hawafungui albamu za mtandaoni. Kwa hiyo katika bei yangu kuna flashi ya USB moja na picha kumi za karatasi kwa kila upande, na hizo kumi mama wa bibi arusi ndiye anayechagua kwanza. Mara nyingi anaacha zile nilizozipenda mimi, anachukua ile ya dada zake wote wamesimama mstari mmoja, vitenge sare, mmoja ametazama pembeni.